Kuitamani Safari Ambayo Haikuwapo

Ndugu msomaji, liko swali ambalo huenda ukaliona dogo, lakini nakuomba unifuate mpaka mwisho, maana ndani yake limo jambo linalomgusa kila mtu aliyefikia umri wa kusema "zamani zetu". Swali lenyewe ni hili: Je, yafaa mtu mzima kuhuzunikia kitu ambacho hata siku kilipokuwapo kilikuwa cha kuigiza tu?

Swali hili nililetewa kwa barua. Aliyeniandikia ni mtu niliyemfundisha shule ya msingi, naye sasa amevuka miaka hamsini. Alikwenda Uingereza akingali kijana, akafanya kazi huko, akaoa, akalea watoto. Katika barua yake alieleza jinsi alivyopita karibu na Piccadilly Circus, London, akalitazama jengo la Trocadero. Humo, Septemba 1996, palifunguliwa jumba kubwa la michezo ya mashine lililoitwa SegaWorld. Mwaka 1999 jina la Sega liliondolewa, michezo ikaendelea chini ya jina jingine, na mwaka 2011 milango ikafungwa. Yeye na wenzake walikuwa wakienda pale jioni za Ijumaa, wakapanda mashine zile ambazo kiti chake huinuka, huinama na kutikisika, hata mtu akajiona anaendesha gari la mashindano au anarusha ndege. Alisimama kando ya njia, asema, akashikwa na uchungu ambao hakuutazamia. Watoto wake walipopata habari walicheka: "Baba, kumbe walilia kiti kilichokuwa kikitikisika?" Naye akaniuliza: "Mwalimu, je, huu ni upumbavu?"

Swali la namna hii halifai kujibiwa kwa kicheko, wala kwa kumwonea mtu huruma tu. Hebu tulipime kwa utaratibu, kama tulivyofundishwa chuoni: kwanza tukijue kitu chenyewe, kisha tuzisikilize pande zote, ndipo tuamue.

MASHINE HIZI ZILITOKA WAPI

Watu wengi hudhani kwamba mashine za kuigiza mwendo ni jambo la juzi, tena la kuchezea tu. Asili yake ni ya zamani zaidi, nayo ilianzia kwenye kinanda. Katika mji wa Binghamton, jimbo la New York, huko Marekani, palikuwa na kiwanda cha piano na vinanda vya filimbi cha jamaa ya Link. Kijana wa nyumba ile, Edwin Link, aliyezaliwa mwaka 1904, aliupenda sana urubani, lakini masomo yake yalikuwa ghali. Kwa kuwa aliijua kazi ya kiwanda cha baba yake, alichukua mivukuto na pampu za hewa zilizotumika katika vinanda, akaviweka chini ya kijumba kidogo mfano wa ndege. Kufikia mwaka 1929 alikuwa amekamilisha mashine iliyoinama na kugeuka kama ndege, hali haiondoki sakafuni. Pumzi ile ile ambayo kanisani huimbisha filimbi za kinanda, kwake ilimwinamisha mwanafunzi wa urubani.

Mwanzoni wakubwa wa urubani hawakuitilia maanani. Wengi wa walioinunua walikuwa wenye viwanja vya starehe, ambako watu walilipa ili wapande na kufurahi. Mambo yaligeuka mwaka 1934. Mwaka huo jeshi la Marekani lilipewa kazi ya kuchukua barua kwa ndege, na kwa muda mfupi marubani kadhaa wakafa, kwa kuwa hawakuzoea kuruka gizani na mawinguni kwa kutegemea saa na mishale iliyo mbele yao peke yake. Ndipo jeshi likanunua mashine sita za Link. Katika Vita Kuu ya Pili zilitengenezwa maelfu, na mamia ya maelfu ya marubani wakafundishiwa humo. Kitu kilichodhaniwa kuwa mchezo tu kikaokoa maisha ya watu wengi.

Hatua nyingine ilipigwa Japani. Mwaka 1985 kampuni ya Sega, kwa kazi ya mbunifu wake Yu Suzuki na wenzake, ilitoa mchezo ulioitwa Hang-On. Ilikuwa pikipiki nzima ya kupandwa, na mbele yake kioo chenye picha ya barabara. Pikipiki ile haikulazwa na mota. Mchezaji mwenyewe aliilaza kwa uzito wa mwili wake ili akate kona. Mwaka uo huo ikaja Space Harrier, ambayo kiti chake kilisukumwa na mota. Mwaka 1986 ikaja Out Run, gari jekundu la kuendesha kando ya bahari. Mwaka 1987 ikaja After Burner, ndege ya vita ambayo chumba chake kiliinama mbele na nyuma, kushoto na kulia. Na mwaka 1990 ikatoka R-360, iliyoweza kumzungusha mtu pande zote, hata kichwa kikawa chini na miguu juu. Hiyo ilihitaji mtu wa kusimama karibu, amfunge mchezaji mikanda na kuwa tayari kuisimamisha mashine pakitokea lolote.

Huko Marekani nako, Januari 1987, uwanja wa starehe wa Disneyland ulifungua Star Tours, safari ya kuigiza ya kwenda kwenye nyota. Mashine zake zilikuwa za jamii ya zile za kuwafundishia marubani, nazo zilitengenezwa Uingereza. Basi tazama jinsi kitu kimoja kilivyozunguka: kilitoka kwenye kinanda, kikaenda kwenye starehe, kikaenda jeshini, kisha kikairudia starehe.

JINSI MWILI UNAVYOSHAWISHIWA

Yafaa pia tujue kazi yake, maana ndani ya kazi hiyo limo jibu la swali letu. Sikio la mwanadamu halina kazi ya kusikia tu. Ndani yake mna mifereji mitatu midogo iliyopindika, yenye majimaji, nayo hutuarifu kichwa kinapogeuka. Kando ya mifereji hiyo mna vijiwe vidogo mno visivyoonekana kwa macho, ambavyo huelemea upande. Hivyo hutuarifu tunapoinama, na tunapoongezewa au kupunguziwa mwendo.

Lakini vyombo hivi vina mipaka. Havitambui mwendo ulio sawasawa. Ukiwa ndani ya garimoshi linalokwenda kwa mwendo mmoja kwenye reli nyoofu isiyotikisa, ukafumba macho na kuziba masikio, hutajua kama linakwenda au limesimama. Mwili hutambua kuanza, kusimama na kugeuka. Tena vijiwe vile haviwezi kupambanua kati ya mtu aliyeinamishwa nyuma kidogo na mtu anayesukumwa mbele kwa kasi. Kwavyo mambo hayo mawili ni jambo moja.

Mafundi waliutumia udhaifu huo. Gari la kwenye picha linapoanza kuondoka, kiti huinamishwa nyuma kidogo. Jicho laona barabara inakuja, mgongo wahisi kulemewa, na akili husema: Twaenda kasi! Katika mashine kubwa za marubani, kiti kikiisha kuinama hurudishwa mahali pake polepole mno, kwa namna ambayo mwili hautambui, ili kiwe tayari kwa mwinamo mwingine. Mashine za majumba ya michezo zilifanya kazi kwa njia nyepesi zaidi, lakini kanuni ni ile ile. Mashine haikupi safari. Hukupa mwanzo wa safari tu, na sehemu iliyobaki waimaliza wewe mwenyewe. Na ili uweze kuimalizia, sharti usione ukuta wa chumba, maana ukiuona ukuta umesimama tuli, mambo yote huharibika. Jicho na sikio vikipingana, watu wengine hushikwa na kichefuchefu.

Naomba uyaweke hayo moyoni. Tutayarudia.

JE, NI KULILIA UONGO?

Sasa tusikilize upande wa watoto waliocheka. Hoja yao ina nguvu, nao hawakukosa adabu kuisema. Wao wasema hivi: Mtu akimlilia rafiki aliyekufa, amemlilia mtu wa kweli. Akililia shamba lililouzwa, amelilia ardhi ya kweli. Lakini huyu alilia safari ambayo haikuwapo. Hakuendesha gari wala hakurusha ndege. Alikaa chumbani akatikiswa kwa dakika chache, akatoka mlango ule ule alioingilia. Je, aliyepoteza ndoto amepoteza nini?

Yuko mwanafalsafa wa Marekani, Robert Nozick, ambaye katika kitabu alichokitoa mwaka 1974 aliuliza swali la kufanana na hili. Alisema: tuseme iko mashine iwezayo kukupa kila furaha uipendayo, ukajiona unaandika kitabu kikubwa au unapata rafiki, hali umelala tu na akili yako imeunganishwa na mashine. Je, ungekubali kuingia humo maisha yako yote? Yeye aliona kwamba wengi wetu tungekataa, kwa sababu hatutaki kuhisi tu kwamba tumefanya mambo. Twataka kuyafanya kweli. Twataka pia kuwa watu wa namna fulani, na aliyelala ndani ya mashine hawi mtu wa namna yo yote.

Mimi nakubaliana naye. Lakini angalia vizuri: hoja yake haimshtaki mtu wetu wa London. Mashine aliyoisema Nozick humfanya mtu asahau kwamba yumo ndani ya mashine. Katika mashine za Sega hakuna aliyesahau. Kila aliyeketi alijua kwamba ameketi. Alikubali kushawishiwa kwa muda, kwa hiari yake, akijua saa ya kushuka itafika. Kuna tofauti kubwa kati ya kudanganya na kuigiza. Anayedanganya huificha kweli ili akunyang'anye kitu. Anayeigiza hukuonyesha kwamba anaigiza, nawe wakubali kucheza naye.

Kila mwalimu aliyepata kusimamia zamu ya saa ya mapumziko aijua tofauti hii. Mtoto ametengeneza gari la waya, magurudumu yake ni vifuniko vya chupa, usukani wake ni waya mrefu unaofika kifuani. Anakimbia nalo huku anaunguruma kwa mdomo, akifika kona anabadili gia kwa sauti. Mwulize kama hilo ni gari la kweli, atakutazama kwa mshangao, maana ajua kuliko wewe kwamba ni waya. Hata hivyo mbio zake ni mbio za kweli, na jasho lake ni jasho la kweli. Hakuna atakayesema kwamba mtoto yule ni mwongo. Na akiwa mzee akalikumbuka gari lile kwa uchungu, hatutasema kwamba alilia uongo.

KILICHOKUWA KWELI

Basi neno la kwanza la jibu langu ni hili: ndani ya kitu cha kuigiza yaweza kuwamo mambo mengi ya kweli, na hayo ndiyo mtu huyalilia, hata kama mwenyewe hajui kuyataja. Katika mashine hizi mimi naona matatu.

La kwanza ni mwili. Safari haikuwapo, lakini mwili ulikuwapo. Aliyeipanda ile pikipiki ya Hang-On alilazimika kuilaza kwa mapaja na mabega yake. Mikono ilichoka, moyo ulikwenda mbio. Siku hizi michezo mingi huchezwa kwa kidole gumba juu ya kioo cha simu, na mwili uliobaki umelala kitini kana kwamba hauna kazi. Mtu anayekumbuka jinsi alivyocheza kwa mwili mzima akumbuka jambo la kweli.

La pili ni watu. Mashine hizi zilikuwa kubwa na ghali, hazikuweza kuwekwa nyumbani. Kwa hiyo ilikuwa lazima kuzifuata mahali fulani, na kuzingojea katika mstari. Anayecheza alizungukwa na wanaotazama. Mgeni asiyejua jina lako alikusimamia nyuma ya bega, akashtuka ulipokaribia kugonga, akapiga makofi ulipopita. Septemba 2021, jumba la Sega la mtaa wa Ikebukuro, Tokyo, lilipofungwa, watu walikusanyika nje ili waliage. Mashine isingeweza kuwakusanya watu namna ile kama isingalikuwa imewakutanisha kwanza.

La tatu ni mpaka. Sarafu yako ilikupa muda wake, nao ukiisha mashine ilinyamaza, ikarudi mahali pake, ukashuka, mwingine akapanda. Starehe ilikuwa na mwisho uliojulikana. Huenda wakati ule watu walilichukia jambo hilo kuliko yote, lakini leo, katika siku ambazo michezo ya simu haina mwisho wala usiku haina, naamini kwamba kushuka kitini kulikuwa sehemu njema ya mchezo.

Haya matatu hayakuigizwa. Yalikuwapo, na sehemu kubwa yake imeondoka. Mwaka 2020, katika mashaka ya ugonjwa wa korona, kampuni ya Sega iliuza hisa nyingi za majumba yake ya michezo huko Japani kwa kampuni ya Genda, na kuanzia mwaka 2022 jina la Sega likaondolewa kwenye milango ya majumba hayo. Kwa hiyo mtu akisema, "Nimepoteza kitu," asema kweli.

YALE YASIYOSEMWA

Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumetenda kosa lile ambalo watoto wetu wana haki ya kutusahihisha. Tumesikia sifa, sasa tusikie na upande wa pili.

Mashine hizi hazikutengenezwa kwa upendo wa vijana. Zilitengenezwa ili zile sarafu. Mchezo ulipangwa uwe mgumu kiasi cha kumtoa mchezaji baada ya dakika chache, lakini usiwe mgumu hata akate tamaa asitie sarafu nyingine. Vijana waliokuwa na kipato kidogo walikiacha pale, na wengine walitazama tu kwa sababu mfuko ulikuwa mtupu. Ule mpaka niliousifu ulikuwa mpaka wa fedha. Aliyekuwa na fedha aliuvuka mara kumi, asiyekuwa nayo hakuufikia hata mara moja.

Tena mingi ya michezo hiyo ilikuwa ya vita. Katika After Burner kijana alikaa ndani ya ndege ya vita akatungua ndege nyingine makumi kwa makumi, na hakuna aliyelia chini, wala nyumba iliyoungua. Tumekwisha kuona kwamba jamaa wa mashine hizo walifundisha marubani wa vita vya kweli. Sisemi kwamba kila aliyecheza alijifunza ukatili. Mtoto akicheza askari na jambazi hawi jambazi. Nasema tu kwamba katika kumbukumbu tamu za watu jambo hili halitajwi, na kumbukumbu isiyotaja nusu ya mambo si ya kuaminiwa nusu nyingine.

KUMBUKUMBU NAYO NI MASHINE

Hapa nakurudisha kwenye lile nililokuomba uliweke moyoni. Mashine hukupa mwanzo wa safari tu, na sehemu iliyobaki waimaliza mwenyewe. Sasa niambie, je, kumbukumbu haifanyi kazi hiyo hiyo?

Mtu husikia sauti moja ya zamani, au hupita mbele ya jengo moja, na moyo wake huinamishwa nyuma kidogo. Ni mwinamo mdogo tu. Lakini yeye huumalizia mwenyewe, akajiona amesafiri miaka thelathini nyuma, na kila kitu huko ni chema. Marafiki wote wapo, hakuna kodi ya nyumba, hakuna magoti yanayouma. Na kama katika ile mashine, sharti moja ni kwamba ukuta usionekane. Siku za njaa, ugomvi, upweke wa ugenini, yote hayo hufunikwa, maana yakionekana safari itakatika.

Mwaka 1688, katika mji wa Basel huko Uswisi, mwanafunzi wa uganga aitwaye Johannes Hofer aliandika juu ya huzuni iliyowashika Waswisi waliokaa mbali na kwao. Aliunda jina kwa kuunganisha maneno mawili ya Kiyunani, moja lenye maana ya kurudi nyumbani na jingine lenye maana ya maumivu. Yeye aliihesabu kuwa ugonjwa wa mwili. Siku hizi jina lile latumika hasa kwa hamu ya siku zilizopita. Lakini yule Mswisi alikuwa na dawa: angeweza kurudishwa milimani kwao. Mtu anayetamani mwaka 1996 hana meli wala ndege ya kumrudisha. Ndiyo maana hamu hii yahitaji hekima zaidi kuliko hamu ya nyumbani.

Na kama vile jicho na sikio vikipingana mtu hushikwa na kichefuchefu, ndivyo ilivyo kwa mtu anayekaa ndani ya kumbukumbu huku macho yake yanaona siku za leo. Hushikwa na kichefuchefu cha moyo. Kila cha leo humchukiza. Huanza kusema na vijana kwa dharau: "Sisi tulicheza kweli, ninyi mmelala na simu." Hapo ndipo hamu, ambayo haikuwa dhambi wala upumbavu, hugeuka kuwa udhalimu. Kijana hakuchagua mwaka wa kuzaliwa kwake. Hakulifunga jumba lo lote la michezo. Kumpiga kwa fimbo ya siku ambazo hakuziona si haki.

BASI TUFANYEJE?

Mimi nimefikia maoni haya, nawe uyapime.

Kwanza, tusione haya kuihuzunikia starehe ya zamani, hata kama ilikuwa ya kuigiza. Anayemcheka mtu kwa ajili ya huzuni hiyo hajatazama vya kutosha. Kwa hiyo nilimwandikia mwanafunzi wangu wa zamani: Mwanangu, si upumbavu. Lakini usiseme umelilia kiti. Taja kwa jina ulichokilia. Ukisema, "Nawakumbuka wenzangu watatu tuliokuwa tukigawana sarafu, na mmoja wao sijui aliko," watoto wako hawatacheka tena. Huenda wakakusaidia kumtafuta.

Pili, tuifungue kumbukumbu, tuuone ukuta. Mtu akisimulia raha ya siku zile, asimulie na gharama yake. Hili halitaipunguzia utamu. Marubani waliofundishwa katika mashine ya Link waliijua vema kuwa imesimama sakafuni, hata hivyo walijifunza humo mambo yaliyowafaa walipokuwa juu mawinguni. Kumbukumbu nayo yaweza kutufunza tukikubali kwamba ni kumbukumbu. Hutudhuru tukiidhani kuwa ni nchi ya kuhamia.

Tatu, tuyachukue yale yaliyokuwa kweli, tuyape makao mapya. Wako watu huko Ulaya, Marekani na Japani wanaotumia siku zao za mapumziko kuzitengeneza mashine hizi. Hununua mota zilizoungua na vioo vilivyokufa, wakavihuisha. Wengine nawasifu na wengine nawaonea mashaka, nami hupima kwa swali moja: mashine ikiisha kutengenezwa, nani ataipanda? Akiifungia chumbani ili aitazame peke yake, ameuhifadhi mwili wa kitu na kuiua roho yake, kwa maana roho ya mashine ile ilikuwa ule mstari wa wanaongojea. Akiiweka mahali ambapo watoto wa jirani watapanda kwa zamu, huku wengine wakishangilia nyuma ya kiti, amefanya kazi ya kumshukuru aliyoyapokea zamani.

Sisi ambao mashine hizo hazikufika mitaani kwetu hatukosi kazi katika jambo hili. Kila kizazi kina kiti chake. Kwa wengine ni uwanja wa mpira uliojengwa maduka, kwa wengine ni kibanda cha bao, kwa wengine ni sinema iliyofungwa. Swali ni lile lile. Mwili, watu, mpaka: je, watoto wetu wanayapata wapi leo? Kama twaona kwamba hawayapati, basi kunung'unika juu ya simu zao hakutoshi. Tuwatafutie uwanja, tuuweke wazi Jumamosi alasiri, tuwaache wacheze kwa miili yao, watazamane, wapokezane zamu, na jua likitua waitwe nyumbani. Wakiwa wazee watakuwa na kitu cha kukililia, nao watajua jina lake.